Likizo Yangu Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Watu wengi wakisikia kwamba mwanafunzi fulani alikwenda kufanya kazi ya kujitolea katika hifadhi ya wanyama, hufikiri mara moja habari za simba, chui na faru. Hata wenzangu wa bweni letu waliniuliza hivyo niliporudi shuleni, nao wakasikitika kidogo nilipowaambia kwamba mnyama niliyeshughulika naye zaidi ya wote ni mdogo kuliko sungura, ana pua ndefu kama mkonga, na chakula chake ni wadudu. Mmoja wao akasema, "Kumbe likizo nzima ulikuwa ukitunza panya!" Nimeandika habari hizi ili kumjibu yeye, na pia kwa sababu yako mambo mengine ambayo sikumwambia siku ile.

Mambo yalianza hivi. Mwisho wa muhula wa pili wa mwaka 2024 Mwalimu wetu wa Biolojia, ambaye ndiye mlezi wa Chama cha Wanyama hapa shuleni, alituambia kwamba watu wanaoutunza Msitu wa Arabuko-Sokoke walikuwa wakitafuta vijana wa kuwasaidia katika likizo ya Agosti. Mshahara haupo, akasema. Ipo chai ya asubuhi, chakula cha mchana, na viatu vya mpira kwa asiye na viatu. Akatukumbusha kwamba vyama vya wanyama vya mashuleni vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1968, tena na wanafunzi wenyewe, kwa hiyo haifai sisi wa leo kuvigeuza kuwa vyama vya kwenda matembezini tu. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wengine walidhani nimeguswa na maneno ya Mwalimu. Ukweli ni kwamba kwetu ni karibu sana na msitu ule, nami niliona chakula cha mchana cha bure kwa siku kumi na nane si jambo la kudharau.

Jambo jingine ni kwamba nilidhani kazi ile itakuwa nyepesi kwangu. Nilikua nikiuona msitu kila niamkapo. Baba yangu alifariki nilipokuwa Darasa la Nne, nasi, yaani mama, dada yangu mdogo na mimi, tukaenda kukaa kwa mjomba, ambaye shamba lake limepakana na msitu kabisa. Tulikwenda humo kuokota kuni zilizokauka, na katika miti ya ukingoni nilijifunza kutambua sauti za ndege kabla sijajua kusoma vizuri. Basi nilidhani naujua.

Siku ya kwanza tu niligundua kwamba nilikuwa nikijua ukingo wake, kama mtu ajuaye mlango wa nyumba asiyepata kukaribishwa ndani. Msitu huu uko kati ya Kilifi na Malindi, upande wa bara wa barabara kuu itokayo Mombasa, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana pwani nzima tokea Somalia mpaka Msumbiji. Sasa imebaki vipande vipande, na hiki chetu ndicho kipande kikubwa kuliko vyote katika Afrika ya Mashariki. Wala si msitu wa namna moja. Upande mmoja kuna miti mikubwa iliyochanganyika, na humo ndimo ulimo mbambakofi. Katikati kuna mchanga mweupe, na juu yake imesimama mirihi, ambayo huachana hata mtu akaona mbali. Ukivuka hapo unaingia katika udongo mwekundu wenye miti mifupi iliyosongamana. Humo ndimo aishimo bundi wa Sokoke, ambaye urefu wake hautimii shibiri moja, na wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1965. Wazee wetu, bila shaka, walikuwa wakimsikia akilia kila usiku kabla ya mwaka huo, lakini hakuna aliyewauliza.

Kazi yetu ya siku za kwanza ilikuwa ya kawaida. Tulijaza udongo katika vifuko vya miche, tukamwagilia kitalu, tukafagia vijia vya wageni na kukata matawi yaliyoangukia njia. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na asubuhi zilikuwa na baridi na manyunyu kidogo. Tulikuwa vijana sita kutoka shule mbalimbali, na kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja aliyewatembeza wageni msituni kwa miaka mingi, nasi tulimwita Babu. Babu huyu ujanani mwake alikuwa mtegaji, naye hakulificha jambo hilo. Alisema kwamba hakuna mtu awezaye kuona mtego upesi kama yule aliyewahi kulala na njaa akiutegemea.

Siku ya nne walikuja watoto wa shule moja ya msingi, nami nikapewa kazi ya kuwaeleza habari za miti. Nilikuwa nimejitayarisha usiku kucha. Nikasimama mbele yao kwa heshima zote, nikaupiga mti mmoja kwa kiganja, nikasema, "Huu ndio mbambakofi, ambao hutengenezwa milango ya fahari." Mtoto mmoja mdogo, hata meno ya mbele hana, akainua mkono akasema, "Kaka, huo si mbambakofi. Huo ni mrihi. Bibi yangu ana mzinga wa nyuki juu ya mmoja." Watoto wote wakacheka, na Babu akacheka kuliko wao. Tokea siku hiyo sikupewa tena miti, nilipewa vipepeo.

Vipepeo wenyewe wako Gede, karibu na magofu ya ule mji wa kale wa Waswahili ambao watu waliuhama katika karne ya 17. Hapo ndipo penye Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima waishio kandokando ya msitu hufuga viwavi nyumbani kwao, wakiwalisha majani ya miti inayowafaa. Kiwavi akiisha kujifunga na kuwa kama kifuko kigumu kinachoning'inia, mkulima hukipeleka kifuko hicho Gede kuuza, nacho husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, katika nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio ili watazame vipepeo. Ni lazima kifike kabla kipepeo hajatoka. Nilipowaza kwamba kuna mtu Uingereza anayetoa fedha kutazama mdudu niliyekuwa nikimfukuza kwa kandambili, nilicheka peke yangu. Lakini fedha zile ni za kweli, na si watoto wachache waliovaa sare za shule kwa ajili ya vifuko vile.

Sasa nimweleze yule rafiki yangu wa bwenini habari za "panya" wake. Mnyama huyu huitwa sange. Wako sange wa namna nyingi, lakini yule wa kwetu ana alama ambayo hakuna mwingine anayo: sehemu ya nyuma ya mgongo wake, karibu na mkia, ina manyoya ya manjano yanayong'aa kama dhahabu. Uzito wake ni nusu kilo na kidogo. Hutembea mchana, akifukua majani makavu kwa pua yake kutafuta mende, chungu na majongoo, na usiku hulala ndani ya kiota cha majani alichokijenga chini, ambacho wewe ukipita utadhani ni takataka tu zilizokusanywa na upepo. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika mpaka wao mmoja, na huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi. Akiona hatari huupiga mkia wake juu ya majani, pa! pa! pa!, kisha huruka mbio. Tena yeye si panya hata kidogo. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi wanasema kwamba jamaa zake wa karibu ni ndovu, pimbi, muhanga na nguva. Kwa hiyo mwenzangu akitaka kunicheka tena, acheke akijua kwamba likizo nzima nilikuwa nikitunza ndugu wa ndovu. Nje ya misitu michache ya pwani ya Kenya hapatikani popote duniani, na Arabuko-Sokoke ndiko wanakobaki wengi wao.

Nilimwona kwa mara ya kwanza siku ya sita, baada ya kukaa kimya chini ya mti kwa muda wa saa nzima, ambayo nusu yake nilikuwa nikitafunwa na siafu bila kuthubutu kupiga kelele. Alipita hatua nne mbele yangu, miguu yake myembamba kama vijiti, akafukua, akasimama, akanitazama. Nilitaka kumwita dada yangu aje aone. Nilisahau kabisa kwamba dada yuko nyumbani.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, tuliambiwa kwamba tutakwenda kuondoa mitego. Tulifuatana na maaskari wawili wa wanyama, tukajipanga mstari mmoja mrefu, mtu na mwenzake wakiachana hatua tano, tukaenda polepole tukitazama chini. Mtego wa kule ni kitu rahisi sana. Mtegaji husimika ua mfupi wa vijiti na matawi, ambao mnyama mdogo hawezi kuuruka bila taabu, na kila baada ya hatua kadhaa huacha mlango. Mlangoni huweka tanzi la waya, mara nyingi waya wa breki ya baiskeli, uliofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa. Mnyama hupenda kupita penye nafasi. Akiingiza kichwa, mti unafyatuka.

Tulianza kuiona mitego ilipokuwa yapata saa nne. Babu ndiye aliyeona wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mimi niliona wa nne, kwa sababu ulikuwa na sange ndani yake.

Alikuwa amekufa, labda tangu usiku uliopita au alfajiri. Siafu walikuwa wamekwisha kufika machoni. Yale manyoya yake ya dhahabu yalikuwa safi kabisa, hata tone la damu hapakuwa. Tuliposimama pale tukasikia upande wa kulia, katika majani, pa! pa! pa! Babu akasema kwa sauti ndogo, "Yule ni mwenzake." Hatukumwona.

Nikapiga magoti kuufungua waya ule. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilinifanya nipoteze nguvu za mikono. Mtu yeyote akisokota waya kwa mkono wa kuume, mizunguko yake huelekea upande mmoja. Waya huu ulisokotwa kwa upande mwingine, mara tatu, kisha ncha yake ikapitishwa chini na kubanwa. Mambo za ule ua zilikuwa za mkilifi, mti ambao sikuwa nimeuona ndani ya msitu tangu tuanze kazi, lakini umezunguka kiwanja chetu chote kule nyumbani. Mjomba wangu hutumia mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kutega kwale nilipokuwa mtoto, nami, ingawa natumia mkono wa kuume, nilijifunza kusokota kama yeye, kwa kuwa ndivyo nilivyoona. Mkono wangu uliujua waya ule kabla akili yangu haijaujua.

Wasomaji wanaweza kuniuliza nilifanya nini. Niliunyoosha. Niliunyoosha upesi upesi mpaka ukawa mstari, nikaupeleka kwa Babu aliyekuwa akiandika hesabu katika daftari. Akautazama, akauliza, "Mbona wako umenyooka?" Nikasema, "Sijui, Babu. Umenyooka wenyewe." Akanitazama kidogo, akaandika moja, akaendelea.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa nauli ya pikipiki ninayo, maana sikutaka kufika upesi. Mjomba alikuwa ameketi chini ya mwembe akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bwana Wanyama. Leo mmewapikia nini hao wanyama wenu?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa mizaha yake ya kila siku. Nikaketi. Nikamwambia, "Leo tumeondoa mitego."

"Mingapi?"

"Kumi na tisa. Kadhaa imesokotwa kwa mkono wa kushoto."

Akaendelea kuchonga. Baadaye akasema kwamba watu wa mkono wa kushoto ni wengi duniani. Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini aliyenifundisha mimi ni mmoja. Akaweka panga chini.

"Wenzako wanajua?"

"Hawajui."

"Na wewe unataka nini?"

Sikuwa na jibu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya kwamba sange wamebaki wachache, na kwamba sheria ya wanyama ya mwaka 2013 inakataza kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo, na kwamba akikamatwa atatozwa faini tusiyoiweza au atafungwa. Yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba nilimwona yule sange akiwa hai, siku chache kabla, au labda alikuwa mwingine, lakini kwangu alikuwa ni yule yule.

Mjomba akasema kwamba sange hamtaki. "Mtego nautega kwa paa. Hauna macho, anaingia anayeingia." Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikaa moyoni. Akasema, "Viatu ulivyokwenda navyo shuleni mwezi wa Januari vilitoka wapi?"

Nikamwambia kwamba mama alisema yeye mjomba aliuza mbuzi.

"Mbuzi gani? Ulipata kuona mbuzi amepungua?"

Ni kweli. Sikupata kuona. Nilikuwa nimewachunga mbuzi wale wote saba katika likizo ya Desemba, na niliporudi mwezi wa Aprili walikuwa wale wale saba, tena mmoja ana mtoto, wala sikujiuliza. Nilivitazama viatu vyangu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa vile vya mpira tulivyopewa msituni, lakini nilivitazama hata hivyo.

"Na nyani walipoyamaliza mahindi mwaka jana," akaendelea, "wewe uliyejua kujitolea ulikuwa wapi? Hao unaowafanyia kazi walikuja kujitolea kwangu?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Kisha akaokota panga lake.

Hapa sina budi kusema neno langu mwenyewe. Simtetei mjomba. Yule sange alikufa kifo kibaya, na kama kila nyumba ya ukingoni ikitega mitego kumi, siku moja watoto wa dada yangu wataonyeshwa manyoya ya dhahabu katika picha tu. Lakini nimekwisha kusikia watu wenye magari mazuri wakisimama mbele ya wanavijiji na kuwaambia kwamba hawajui faida ya msitu. Mjomba wangu anaijua. Anajua mti gani hutibu homa ya mtoto, anajua paa hunywa wapi wakati wa kiangazi, na mvua ikichelewa yeye huutazama msitu kwanza kabla ya kutazama mbingu. Asichokijua ni namna ya kulisha watu saba kwa shamba la mchanga linalovamiwa na nyani. Mimi pia sikijui.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja na nusu nikaenda shambani. Hakuna aliyeniagiza. Muhogo ulikuwa umekwisha kukomaa, na mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika yalikuwa yamebaki kidogo. Nyani huja jua lichomozapo. Kwanza anakuja mmoja, anapanda mti ulio mpakani na kukaa huko kama mlinzi wa benki. Akiona hakuna mtu, hutoa sauti, na kundi zima linateremka. Kuwafukuza kunahitaji mawe, debe la kupiga, na moyo, kwa sababu dume kubwa la nyani haliogopi kijana wa kidato cha pili. Wanawake hawaliogopi kabisa kwa mawe yao. Mkaza mjomba alinifundisha kwamba usikimbie, usigeuke, na usimtazame mtoto wa nyani. Nililinda mpaka saa tatu, ndipo nikaenda Gede nikiwa nimechelewa. Babu akanikemea. Nilipomweleza habari za nyani alinyamaza, na tokea siku ile hakunikemea tena kwa kuchelewa, wala wenzangu hawakujua kwa nini mimi peke yangu ninaruhusiwa kufika saa nne.

Siku moja mkaza mjomba aliniuliza habari za vile vipepeo vinavyouzwa. Alikuwa na mndimu nyuma ya jiko, na mndimu ule ulijaa viwavi ambao yeye alikuwa akiwaua kila siku kwa majivu. Nikamchukua Gede siku ya Jumanne. Walimpokea vizuri, wakamwonyesha namna ya kutengeneza kizimba kwa wavu, wakamweleza ni majani gani hulisha kipepeo gani, na kwamba si kila kipepeo hununuliwa kila wiki, kwa hiyo asiuze kuku wake kwanza. Alirudi akakata chandarua kuukuu, akatengeneza kizimba kizuri kuliko nilivyotazamia. Mjomba alipokiona akasema, "Sasa katika nyumba hii tunafuga viwavi na tunawafukuza nyani. Itabaki kuwaozesha vyura." Lakini nilimwona usiku akichukua taa na kuchungulia. Hadi ninaondoka kulikuwa na vifuko sita, na sisimizi wakala vinne. Mkaza mjomba akasimamisha miguu ya kizimba ndani ya makopo ya maji, akaanza upya.

Habari za mitego hatukuzizungumza tena. Tulikwenda kuondoa mitego mara mbili zaidi kabla ya likizo kwisha, katika sehemu nyingine za msitu, na kila nilipouona waya niliutazama kwanza unazunguka kuelekea upande gani. Yote ilikuwa ya mkono wa kuume. Labda aliacha, au labda alikuwa ametega mahali tusipopita. Msitu wa kilomita za mraba 420 una nafasi nyingi. Nilifurahi, na nikaona haya kwamba nimefurahi, kwa maana mitego ile mingine nayo ilikuwa ya wajomba wa watu.

Siku ya mwisho tulipewa soda na mkate, na kila mmoja akaombwa kusema jambo moja alilojifunza. Wenzangu walisema maneno mazuri. Mimi nilisema kwamba nimejifunza tofauti ya mrihi na mbambakofi, watu wakacheka, mambo yakaisha. Tulipokuwa tukiagana Babu alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema, "Haya, soma. Na umsalimie mjomba wako, yule wa mkono wa kushoto." Mimi sikupata kumwambia Babu hata siku moja kwamba mjomba wangu hutumia mkono gani.

Kabla ya kuandika habari hizi nilimwomba mjomba ruhusa kwa simu ya mama. Alifikiri, kisha akasema, "Andika. Lakini kijiji usikitaje." Basi sikukitaja.

Shule ilifunguliwa tarehe 26 Agosti. Asubuhi ile bawaba ya sanduku langu ilivunjika, na gari lilikuwa halijafika. Mjomba akaingia ndani, nikasikia akipekua juu, kwenye makuti ya dari, akatoka na bunda la waya wa breki za baiskeli, umekunjwa vizuri kama kamba ya mvuvi. Akalizungusha sanduku mara mbili, huku na huku, akasokota, akapitisha ncha chini na kuibana. Uliobaki akautia ndani ya mfuko wangu wa vitabu, akasema utanifaa huko shuleni.

Nikamwuliza, "Mjomba, ndio wote?"

Akasema, "Shika sanduku lako, gari linakuja."